Kabla Sijasimikwa

Dada yangu mpendwa,

Salamu zangu zikufikie hapo kwenye duka lako la dawa, zikukute umekaa, maana najua miguu inavyokuvimba ukisimama kutwa nyuma ya kaunta. Hujambo? Na yule jirani yako anayenunua vidonge vya kichwa kila siku ili tu apate mtu wa kuongea naye, bado anakuja? Mimi sijambo. Nimekonda kidogo, lakini ni kukonda kwa kutembea, na kifua kimetulia. Hilo nakuambia mapema usije ukaruka mistari ukitafuta kama naumwa.

Barua yako niliipata wiki tatu zilizopita. Niliisoma mara mbili, nikaikunja, nikajitia hamnazo. Uliniuliza jambo moja tu: kama nimeshamwambia Mama sharti lako. Kwamba utakuja nikisimikwa, baada ya miaka kumi na moja bila kukanyaga nyumbani, lakini unakuja kwa ajili yangu mimi Kupe wako peke yangu. Mama asikae benchi moja nawe, asikupe mkono, na asikulilie mbele za watu. Dada, sijamwambia. Sababu utaikuta humu, ila nakuomba uisome barua hii kwa mpangilio wake, usirukie mwisho kama unavyofanya na riwaya. Nikianza na mwisho sitaweza kumaliza kuandika.

Nilikudokeza kwamba Baba amechoka. Magoti hayamruhusu tena kusimama saa nzima, na wazee wa kanisa walikaa wakakubaliana nishike nafasi yake. Wote walikubali isipokuwa yule mzee fundi saa, unamkumbuka, yule wa kubisha hata akiambiwa leo ni Jumatatu. Alisema mimi sijawahi kukaa kanisa lingine hata Jumapili moja, sasa nitawaongozaje watu waliotoka makanisa kumi tofauti? Wenzake walicheka, lakini Baba alisema kweli mzee ana hoja. Wakanipa miezi minne nizunguke makanisa mbalimbali, nione wengine wanavyohudumu na wanavyoongoza, kisha nirudi na taarifa. Nikapewa daftari jipya, barua ya utambulisho yenye mhuri, na maombi marefu kweli kweli. Nikatoka kifua mbele.

Kanisa la kwanza lilikuwa kubwa hadi nikapotea nikitafuta choo. Kila mhudumu ana kidubwasha sikioni anaongea peke yake, na ukutani, mkabala na mhubiri, kuna saa yenye tarakimu nyekundu inayorudi nyuma kutoka dakika thelathini na tano. Ikifika sifuri, mahubiri yamekwisha, upende usipende. Nilikuja nimejiandaa kuwacheka. Lakini Jumanne simu yangu ikalia, binti wa idara ya wageni anauliza kama nilifika salama na kama nina jambo la kuombewa. Nikamtajia kifua. Jumanne iliyofuata akapiga tena kuuliza kifua kinaendeleaje. Nikaandika kwenye daftari: wageni wapigiwe simu Jumanne. Nikaandika pia jinsi mhubiri wao anavyotembea jukwaani, anavyosimama ghafla na kushusha sauti pale mtu anapotegemea aipandishe. Hilo nililifanyia mazoezi mbele ya kioo cha nyumba ya wageni mpaka mpangaji wa chumba cha pili akagonga ukuta.

La pili lilikuwa kanisa la kale, la kengele na mavazi na vitabu vya sala. Nilikaa huko mwezi mzima kwa sababu padri wao alinipenda, au tuseme alipenda kuwa na mtu wa kumshikia ndoo. Ana bustani ya mboga nyuma ya nyumba yake. Jumamosi husikiliza maungamo mpaka alasiri, kisha hubadilisha viatu na kwenda kupalilia bila kumsalimia mtu yeyote getini. Nilidhani ni kiburi. Nilipomuuliza, akaniambia hasimami getini kwa sababu anaogopa uso wake usije ukamsalimia mmoja tofauti na mwingine. Akasema anayoyasikia mle ndani si mali yake, na hana ruhusa ya kumkumbushia hata yule aliyeyasema. Nikayaandika maneno yale, nikayapigia mistari miwili chini, kwa rula. Daftari ninalo hapa mbele yangu, na mistari imenyooka vizuri sana.

La tatu halina mchungaji kabisa. Wanakaa kwenye duara, kimya, mpaka mtu apate neno la kusema. Siku ile hakuna aliyelipata. Mimi nililala nikakoroma, na nilipoamka nilikuwa nimefunikwa koti la bibi mmoja, na hakuna aliyenicheka. Kwenye daftari ukurasa wao ni mtupu.

Sasa niingie kanisa la nne, ndilo lililonileta kwenye barua hii. Wanasali kwenye bohari iliyokuwa ya rangi. Ukivuta pumzi ndefu bado unaisikia harufu yake, na sakafuni kuna alama za duara za makopo. Ni watu sitini hivi, wakijaa. Kiongozi wao ni mama aliyekuwa muuguzi kabla ya kuingia huduma. Wote humwita Mama Mchungaji, na ana mikono ya kiuuguzi mpaka leo, akikusalimia unahisi anakupima mapigo. Nilimkabidhi barua yangu ya mhuri. Aliisoma, akairudisha kwenye bahasha, akanionyesha viti vya plastiki vilipo. Kwa Jumapili mbili kazi yangu ilikuwa kupanga viti na kuvipangua. Dada, moyoni nilichukia. Nilijiambia, mimi mtoto wa mchungaji, mtu ninayesubiri kusimikwa, ndiyo nimekuja kujifunza kupanga viti?

Halafu akapata nafasi hospitali ya kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, akaondoka kwa siku kumi. Kabla ya kuondoka alinipa ufunguo wa ofisi. Akaniagiza nifungue Jumatano na Ijumaa, nikae, watu wakija niwasikilize, na nisimshauri mtu kitu chochote isipokuwa kunywa maji. Mahubiri, alisema, yatakuwa ya mzee wa kanisa, dereva mstaafu ambaye huhubiri kwa dakika nane na kukohoa kwa nne. Nilimwitikia ndiyo Mama, ndiyo Mama, na kichwani nilikuwa nimeshaanza kujiona mimbarini.

Ofisi yenyewe ni kichumba chenye meza, viti viwili na jagi. Jumatano ile alikuja mtu mmoja tu, fundi cherehani wa duka la ng'ambo ya barabara, mama wa miaka hamsini na kitu anayeshona sare za shule. Alikaa muda mrefu akizungusha kidole cha kati, kile cha kuvalia kofia ya sindano. Kisha akaniambia jambo lake. Mume wake alilala kitandani miaka sita, hasemi, hageuki, na yeye ndiye aliyekuwa akimgeuza kila baada ya saa tatu, usiku na mchana. Kanisa lilimsifu mpaka akachoka kusifiwa. Akina mama wachanga waliletwa kwake waone mke mwema anavyokuwa. Asubuhi mume alipokata roho, alijua papo hapo. Hakupiga kelele. Alikwenda jikoni, akachemsha maji, akatengeneza chai, akaketi dirishani akanywa vikombe viwili mpaka mwisho. Baada ya hapo ndipo akaita watu. Alisema kwa miaka miwili amebeba jambo moja tu, nalo ni kwamba ile chai ilikuwa tamu. Watoto wake hawajui. Akaniuliza kama Mungu amemkasirikia.

Nikammiminia maji kama nilivyoagizwa. Akanywa, akalia, akacheka kidogo, akanishukuru, akasema amepumua. Akaniambia ameniambia mimi kwa sababu ni mgeni, nitaondoka nayo. Nikamsindikiza mpaka mlangoni nikijiona nimefika. Nilijisemea, kumbe huduma ndiyo hii, na mimi ninaiweza.

Ijumaa nikamfuata yule mzee dereva nikamwambia apumzishe koo, Jumapili nitahubiri mimi. Akasita, akasema Mama Mchungaji aliagiza vingine. Nikamwambia Mama Mchungaji angefurahi. Uongo mtupu. Nilikuwa na hamu, Dada, hamu ya kusimama na kushusha sauti pale watu wanapotegemea niipandishe. Nikaandaa mahubiri juu ya moyo uliopoa. Maandiko nilikuwa nayo, mpangilio ulikuwa mzuri, ila sikuwa na mfano. Na wewe unamjua Baba na mifano yake. Tangu tukiwa wadogo tunamsikia akisema kwamba maandiko watu wameshayazoea, kinachowaamsha ni mfano, na mfano wenyewe utoke kwa watu walio hai. Nilikaa na kalamu kuanzia asubuhi mpaka jua linazama. Mwishowe nikaandika: mama mmoja.

Sikutaja jina. Hilo nililishika kama ngao. Nilisema mama mmoja, mahali fulani, alimuuguza mume wake miaka mingi mpaka mapenzi yakapoa, na siku mume alipofariki alikunywa chai kwanza. Dada, kanisa lina watu sitini na mjane aliyeuguza mume miaka sita ni mmoja tu. "Mama mmoja" wangu alikuwa na kiti chake, safu ya tatu. Na mimi, haki ya Mungu, nilipoona ukumbi umenyamaza kabisa nilidhani ni Roho anatembea. Nikashusha sauti. Nikasema, vikombe viwili! Ndipo nikaona vichwa vikigeuka, kimoja kimoja, na binti yake aliyekaa naye akimtazama mama yake kama mtu asiyemjua. Mdomo wangu uliendelea kuhubiri, sijui ulikuwa unasema nini. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze pale pale kwenye alama za makopo.

Yule mama hakutoka. Alikaa mpaka mwisho, akaimba wimbo wa kufunga ubeti kwa ubeti, akanipa mkono mlangoni kama wengine. Binti alikuwa ameshaondoka peke yake kwa mlango wa pembeni.

Mama Mchungaji alirudi Jumanne, jicho moja limefunikwa. Habari alikuwa nayo kabla hajashuka kwenye gari. Sikusikia kelele wala mahubiri. Aliniambia nimshike mkono kwa sababu haoni vizuri, tuvuke barabara. Tukaingia kwa fundi cherehani. Nilikuwa nimejipanga kuomba radhi Jumapili inayofuata mbele ya kanisa zima, nikaona hilo ndilo linalonifaa, nikalisema. Yule mama hakuacha kukanyaga cherehani. Alisema nikimwomba radhi mbele yao nitakuwa nimemtaja mara ya pili, na safari hii kwa jina. Akasema binti yake hajaongea naye tangu Jumapili. Akasema alinichagua mimi kwa kuwa ni mtu wa kuondoka, na kweli nitaondoka, lakini yeye atabaki hapa akiuza sare kwa watu wanaojua habari za chai yake. Nikasema nisamehe. Akasema amesikia. Basi. Hakusema amesamehe, na mimi sikuwa na uso wa kuuliza.

Tulipotoka, Mama Mchungaji aliniketisha ofisini kwenye kile kiti cha wanaokuja na mambo yao, yeye akakaa kwenye changu. Akaniuliza nani alinifundisha kuhubiri namna ile. Nikamjibu ni Baba, na nikaanza kumtetea Baba, kwamba ni mhubiri mkubwa, kwamba mifano yake watu wanaikumbuka mpaka leo. Akanisikiliza mpaka nikaishiwa. Halafu akaniuliza swali moja, kwa upole kabisa: na baba yako, mifano ya watu walio hai, nani alikuwa anampelekea?

Nilikunywa jagi zima la maji.

Dada, nakuomba ukae kama umesimama.

Ile Jumamosi ulikuwa unafua majoho ya kwaya nyuma ya nyumba, mimi nashika beseni. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Uliniambia jambo ambalo ulikuwa umemwambia Mama siku mbili kabla: kwamba ukiimba husikii kitu. Kwamba kanisa zima linalia wewe ukiimba peke yako, na wewe ndani ni kimya, hujawahi hata siku moja kuhisi kuna anayekusikiliza. Ulisema unaona aibu kulipwa machozi ya watu kwa kitu usichokuwa nacho. Ukanipiga maji usoni ukacheka, ukasema, Kupe, ukisema nitakunyonga.

Jioni nilimkuta Baba mezani, ameshika kichwa, hana mfano. Mimi Baba alikuwa haniiti kwa lolote isipokuwa kuleta viatu. Nilitaka tu anitazame. Nikamwambia ninao mfano. Nikamwambia yote, Dada, mpaka lile neno la machozi. Akaweka kalamu chini, akaniwekea mkono kichwani, akasema sasa umekuwa mtu mzima. Na nilifurahi. Nikilala nilikuwa bado nimefurahi, hilo silifichi.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Kesho yake mimbarini Baba alisema yumo mtu chini ya dari yake anayeimba kwa mdomo na moyo wake ni mkavu. Vichwa viligeuka hivyo hivyo, kimoja kimoja, kuelekea safu ya kwaya. Kinanda kilianza utangulizi wa wimbo wako mara tatu. Ukavua joho, ukalikunja vizuri, ukaliweka kwenye benchi, ukatoka.

Baba ulimsamehe mapema. Uliniandikia kwamba yeye ni mhubiri, hutumia anachopewa, na mwenye kosa ni aliyempa. Na watu waliojua ni wawili tu, Mama na mimi. Mimi hukuniuliza hata kwa utani. Ulimkuta Mama jikoni ameshika kifuniko cha sufuria, ukamuuliza kwa nini. Mama alinitazama mimi niliyesimama mlangoni natokwa na jasho. Mara moja tu alinitazama, akaelewa yote. Nilisubiri anitaje. Nilikuwa nimeshafumba macho nikisubiri. Akakugeukia wewe akasema, nisamehe mwanangu. Ukalichukua neno hilo kuwa ndilo jibu, ukafunga mizigo.

Mama hakuwa amesema lolote kwa mtu yeyote. Ni mimi.

Ulipokwisha kuondoka hakunichapa wala hakunisema. Aliniletea bahasha na karatasi, akaniagiza nikuandikie kila mwezi, nisiruke hata mmoja, kwa sababu sasa ndugu uliyebaki naye ni mimi tu, na wewe ukinipoteza na mimi hutakuwa na mtu. Basi ndiyo barua zote hizo ulizokuwa ukifurahia, ukisema mdogo wako hajawahi kukusahau. Na ndani ya barua hizo, kila ulipomlaumu Mama, mimi nilikubali. Niliandika Mama ndivyo alivyo. Niliandika hata kwamba mdomo wake haujawahi kuwa na mlango. Halafu nilikuwa nampa yeye bahasha akaipeleke posta, na yeye alikuwa anaipeleka.

Sijui kuna jina gani la mtu wa namna hiyo. Nimelikimbia miaka kumi na moja, na wiki hizi tatu ninakaa nalo chumbani. Nimemwandikia yule mzee fundi saa na wenzake kwamba Jumapili ya tatu ya mwezi ujao wasinisimike, na sababu nitawaeleza nikirudi. Baba nitamwambia uso kwa uso. Jambo la fundi cherehani sitawaeleza, wala jina la kanisa, nimeshachana zile kurasa. Mama Mchungaji nilimuuliza kama bado nafaa kuongoza watu. Akasema hilo si lake kunijibu, akanielekeza viti vilipo. Nimevipanga Jumapili mbili tangu siku hiyo. Yule mama bado anakaa safu ya tatu. Jumapili iliyopita binti yake alikuja akakaa safu ya tano, na mimi sikuwatazama, nilitazama viti.

Sikuombi unisamehe katika barua hii, nimeona neno hilo linavyoweza kumtoka mtu kirahisi. Ukitaka kunitukana, nitukane, nastahili. Ukitaka kuninyonga kama ulivyoahidi, naja mwenyewe mpaka dukani. Ukikaa kimya nitajua ni kwa nini, na mwezi ujao nitaandika vile vile, kwa sababu sasa nataka mwenyewe kukuandikia.

Ila sharti lako nakurudishia, sitaweza kulifikisha. Nilimpigia Mama simu jana kutaka kumwambia, nikashindwa. Hajui kwamba nakuandikia haya, na akijua atanigombeza, ataniambia nimeharibu. Sikio moja halisikii vizuri siku hizi, inabidi upaze sauti. Kila mara nikipata barua yako huniuliza jambo lile lile, wala haulizi kama umemtaja. Huuliza kama bado unaimba. Mimi kwa miaka yote nimemjibu kwamba huimbi tena, umeacha kabisa, na kweli tupu ni kwamba sijawahi kukuuliza.

Nakuuliza leo kwa niaba yake. Na jibu usinipe mimi, Dada. Mpe yeye, na umwambie kwa sauti kubwa.

Msalimie jirani yako wa vidonge. Pumzisha miguu. Wanaokutakia mema ni wengi kuliko ulivyohesabu.

Mdogo wako,
Kupe